Kutengana Bila Kuachana

Katika sura ya 12 ya Injili ya Luka, mtu mmoja alitoka katikati ya umati akamwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi. Wengi wetu tukiisoma habari hiyo tunakimbilia mfano wa tajiri mpumbavu unaofuata, ule wa maghala, na jibu la kwanza la Bwana tunalipita. Yesu alikataa. Alimwuliza yule mtu ni nani aliyempa kazi ya kuwagawanyia. Yeye aliyekuwa na hekima kuliko Sulemani hakukubali kusimama kati ya ndugu wawili wenye fungu moja ili aligawe.

Nimemtumikia Mungu miaka mingi kama mwalimu wa shule ya msingi na wa Shule ya Jumapili, na jibu hilo nililisoma mara nyingi bila kulipa uzito. Uzito wake niliuona nilipopata ajali ya barabarani pamoja na mtoto wa dada yangu. Ninaandika habari hii kwa ajili ya ushirika wetu, kwa kuwa sisi tunaishi kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi na malori ya bandarini yanapita mlangoni petu usiku na mchana. Ajali zikitokea, mara nyingi ndugu huumia pamoja, na swali huwa hilohilo: sisi ni wa nyumba moja, kwa nini tusichukue wakili mmoja?

Siku hiyo nilikuwa natoka Mombasa kurudi Voi. Matatu iliendeshwa na mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana ambaye nilimfundisha kuomba kabla hajajua kusoma. Ananiita mama mdogo, na kwa heshima alinipa kiti cha mbele. Tulipopita Maungu giza lilikuwa limeshaingia. Trela moja ilikuwa imeharibika na kuachwa pale, nusu yake juu ya lami, bila taa na bila pembetatu za kuakisi mwanga. Tuliigonga kwa nyuma. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu. Mimi nilivunjika mfupa wa paja. Yeye alivunjika mkono wa kulia na mbavu mbili.

Kabla ya kishindo niliona mambo mawili. Niliona kwamba trela haikuwa na alama yoyote ya kutuonya. Na niliona simu ikiwaka kwenye dashibodi, na macho ya kijana wetu yakienda kwenye simu.

Nilikuwa nimetoka hospitali kwa wiki moja wakati wakili alipokuja nyumbani. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mazuri. Alisema amekwisha kuzungumza na kijana, na kwamba atatusimamia sote wawili. Ajali ni moja, mwenye trela ni mmoja, bima yake ni moja, kwa hiyo kesi ni moja. Gharama zitapungua na familia haitasumbuka. Alitoa karatasi na kalamu akaniomba nieleze nilichokiona.

Nilimweleza yote mawili, trela na simu. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Mama, hilo la simu tusiliguse," akasema. "Tukiligusa tunamharibia kijana."

"Na tusipoligusa tunamharibia nani?" nikamwuliza.

Hakunijibu. Alisema tu kwamba mambo ya korti yana njia zake. Nikamwomba aniachie karatasi zake, kwamba nitaomba kwanza ndipo nitie sahihi.

Katika kanisa letu yupo mzee mmoja aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka akastaafu. Nilimtumia ujumbe akaja baada ya ibada ya Jumapili. Alichukua ile karatasi ya ratiba ya ibada, akaigeuza nyuma, akapiga mstari katikati. Upande mmoja aliandika "abiria", upande wa pili "dereva".

"Mwalimu," akasema, "wakili amekwambia kesi ni moja. Ajali ni moja, lakini kesi ni mbili."

Alinieleza hivi. Abiria aliyelipa nauli hakushika usukani, kwa hiyo ni vigumu sana kumlaumu kwa mgongano. Naye ana milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni mwenye trela. Wa pili ni mwenye matatu, kwa sababu sheria ya Kenya inalazimisha kila matatu kuwa na bima inayowalinda abiria wake, na mwenye gari hujibu kwa kosa la dereva aliyemwajiri. Iwapo magari yote mawili yana makosa, abiria hapotezi kitu kwa sababu hiyo. Hilo linabaki kuwa hesabu kati ya kampuni mbili za bima, kila moja italipa kiasi gani.

Dereva hayuko mahali hapo. Bima ile ya abiria haikuwekwa kwa ajili ya majeraha yake yeye. Kama mfanyakazi anaweza kumdai mwajiri wake chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, lakini hiyo ni njia nyingine. Katika kesi ya mgongano, mlango wake ni trela. Na mlangoni hapo atakutana na wakili wa mwenye trela akimwuliza: ulikuwa na mwendo gani, ikiwa matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa? Macho yako yalikuwa wapi? Ulilala saa ngapi? Mahakama ina uwezo wa kuigawa lawama kwa asilimia, na kila asilimia inayowekwa juu ya dereva inakatwa kutoka kwenye fidia yake.

"Sasa tazama," akasema yule mzee, na kidole chake kikasimama juu ya ule mstari. "Swali ni moja: je, dereva aliangalia barabara? Wakili wa dereva ni lazima aseme ndiyo, aliangalia. Wakili wako wewe ni lazima aulize swali hilo kwa nguvu, kwa sababu usipomdai mwenye matatu na mahakama ikaona kosa kubwa lilikuwa la matatu, utabaki na mguu wako na sehemu ndogo ya haki yako. Wakili mmoja atayasemaje yote mawili? Mshika mbili moja humponyoka."

Akaongeza mambo mengine mawili ambayo sijayasahau. La kwanza ni juu ya siri. Wakili anapaswa kutunza siri ya mteja wake, na pia anapaswa kumwambia mteja wake kila jambo linalohusu kesi yake. Akiwa na wateja wawili wanaovutana, siri ya mmoja ndiyo habari ambayo mwingine ana haki ya kuijua. Akisema amemsaliti mmoja, akinyamaza amemsaliti mwingine. La pili ni juu ya fedha. Kesi nyingi za ajali humalizika nje ya mahakama. Kampuni ya bima ikitaka kufunga faili inaweza kutaja kiasi kimoja kwa ajili ya wote wawili, na hapo wakili ndiye atakayeketi ofisini mwake na kuamua mguu huu ni kiasi gani na mkono ule ni kiasi gani.

Aliposema hivyo nilimkumbuka yule mtu wa Luka 12. Bwana wetu aliikataa kazi hiyo, na wakili wetu alikuwa ameitafuta.

Mzee alisema mgongano wa namna hii una jina katika kanuni za maadili ya mawakili: mgongano wa maslahi. Wakili anatakiwa auone mapema na awaeleze wateja wote waziwazi. Mahali ambapo maslahi yao yanapingana kweli, asiwashike wote wawili. Akiwashika na mgongano ukafumuka katikati ya safari, mara nyingi hulazimika kuwaacha wote, kwa kuwa amekwisha kubeba siri za kila mmoja. Nao wateja huanza upya na wakili mpya na gharama mpya, huku muda unakwenda. Nchini Kenya, madai ya majeraha ya ajali yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.

Nilikuwa nimeelewa. Lakini kuelewa hakukunipa amani, kwa sababu dada yangu alikuja jioni hiyo. Alikuwa amesikia kwamba sijatia sahihi.

"Umemlea mwenyewe," akasema. "Sasa utaandika jina lake kwenye karatasi za korti? Paulo hakuwaambia Wakorintho ni aibu ndugu kumshtaki ndugu?"

Wapendwa, swali hilo si dogo, nami sikulijibu siku hiyo. Nililichukua mbele za Mungu kwa siku kadhaa. Nilisoma tena sura ya 6 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, yote, si mstari mmoja. Nikaona Paulo anawakemea watu waliokuwa wakidhulumiana na kunyang'anyana wao kwa wao. Je, mimi nilitaka kumnyang'anya mtoto wa dada yangu? Ilinibidi nijipime. Onyo linalofuata katika Luka 12 ni juu ya choyo, nami sikutaka kuliruka kama tulivyozoea. Nilichukua daftari nikaandika mahitaji: chuma kilichomo mguuni kitakachohitaji kutolewa, dawa, nauli za kliniki, mtu wa kunilimia shamba misimu miwili. Nikajiambia kwamba hayo ndiyo ninayoyatafuta, na kwamba yatalipwa na bima iliyotozwa kwa ajili ya siku kama ile, si na kijana mwenye mkono uliovunjika.

Jambo moja lilibaki, nalo halikuwa la fedha. Siku moja ningesimama kizimbani, Biblia mkononi, na kuulizwa nilichokiona. Mpango wa wakili mmoja ungesimama iwapo tu ningesema sikuona. Niliwafundisha watoto wa Taita amri ya kutoshuhudia uongo kwa zaidi ya miaka 30. Sikuona njia ya kuivunja kwa jina la upendo wa familia.

Mathayo sura ya 18 inatufundisha kumwendea ndugu peke yake kabla ya kupeleka jambo kwa wengine. Kwa hiyo nilimwendea kijana. Nilikwenda kwa magongo mpaka nyumbani kwa mama yake, nikamkuta ameketi chini ya mwembe, mkono umefungwa plasta. Nilimwambia bila kuzunguka.

"Mwanangu, niliona simu. Nikiulizwa nitasema. Nimetaka uisikie kwangu kwanza."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mama mdogo, wakili aliniambia wewe hukuona kitu."

"Nilimweleza mimi mwenyewe, siku aliyokuja kwangu."

Akatazama chini. "Na mimi nilimweleza kwamba usiku wa kuamkia siku ile sikulala, nilikuwa na safari nyingine. Alikuambia?"

"Hakuniambia."

Pale chini ya mwembe ndipo nilipouona mgongano wa maslahi kwa macho, kuliko nilivyouona kwenye karatasi ya mzee. Mtu mmoja alikuwa amebeba ukweli wangu na ukweli wa kijana, na kila mmoja wetu alikuwa amefichwa ukweli wa mwenzake. Sidhani alikusudia uovu. Alikuwa amejiweka mahali ambapo hawezi kuwa mwaminifu kwa mtu yeyote, na akaona kunyamaza ndiyo amani.

Tuliomba pamoja. Nilimwambia atafute wakili wake, ambaye atamtetea yeye tu kwa nguvu zake zote, nami nitafute wangu. Wakili yule wa kwanza nilimrudishia karatasi zake bila sahihi. Kijana, ambaye alikuwa amekwisha kutia sahihi, alimwandikia barua ya kumshukuru na kuomba faili lake: fomu ya P3, taarifa ya polisi ya ajali, na ripoti za daktari. Mteja ana haki ya kubadilisha wakili, ingawa anapaswa kulipia kazi iliyokwisha kufanyika.

Siwezi kusema mambo yote yalikwenda laini. Jina la kijana liliandikwa katika karatasi zangu pamoja na la mwenye matatu na la mwenye trela, na siku aliyopokea hati hizo mama yake alilia. Kwa miezi mingi dada yangu hakukanyaga kwangu. Kanisani alihama benchi. Kesi zilichukua karibu miaka miwili, na mwishowe kampuni za bima zilikubaliana nje ya mahakama, lawama ikagawanywa kati ya trela na matatu. Mimi nililipwa na pande zote mbili. Kijana alilipwa na upande wa trela, na fungu lake lilipunguzwa kwa ile sehemu ya lawama iliyokuwa yake. Lakini wakili wake alipigania sehemu hiyo iwe ndogo, na alifanya kazi nzuri kwa sababu hakuwa na mteja mwingine wa kumwonea haya.

Katika kipindi hicho nilirudi mara kwa mara kwa Ibrahimu na Lutu, Mwanzo sura ya 13. Wachungaji wao walipogombania malisho, Ibrahimu hakusema kwamba kwa kuwa sisi ni ndugu tubanane hapahapa. Alisema kinyume: kwa kuwa sisi ni ndugu, tutengane. Kila mmoja akachukua upande wake. Na sura inayofuata, Lutu alipotekwa, ni Ibrahimu yuleyule aliyeondoka na watu wake kumfuata na kumrudisha. Kutengana malisho hakukuvunja undugu wao. Kulikuwa kumeulinda.

Kijana alikaa muda bila kuendesha gari. Muhula mmoja nililipa karo ya watoto wake, naye akaja siku za Jumamosi kunipasulia kuni kwa mkono wa kushoto. Hatukuzungumza habari za kesi. Mavuno yaliyofuata, dada yangu alinitumia kikapu cha mahindi. Hakuja mwenyewe, lakini kikapu kilikuja.

Ndugu mmoja katika kikundi chetu cha Biblia aliniuliza swali jema. Alisema: Maandiko yanatuambia tunaye Mwombezi mmoja kwa Baba, Yesu Kristo, naye anatuombea sisi sote. Kama Mwombezi mmoja anatutosha mbinguni, kwa nini mmoja asitutoshe Voi? Nimelifikiri swali hilo sana. Kristo anaweza kutuombea sote kwa kuwa neema haipungui inapogawanywa. Msamaha wangu haukati msamaha wako. Tena yeye alilipa mwenyewe, kwa damu yake. Wakili wa duniani ameshika mfuko wenye kima, na lawama inayotua begani mwa mmoja ndiyo inayoondoka begani mwa mwingine. Kumtwisha mwanadamu kazi anayoiweza Kristo peke yake ni kumjaribu.

Sisemi kila mara ni lazima kuwe na mawakili wawili. Abiria wawili waliokaa kiti cha nyuma, ambao hakuna anayeweza kumlaumu mwenzake, wanaweza kusimamiwa na wakili mmoja na kupunguza gharama. Hata hao, kila mmoja aelezwe kiasi chake kabla ya kukubali, na kila mmoja akubali kwa sahihi yake. Lakini dereva na abiria wake, au madereva wawili waliogongana, au mtu na ndugu yake ambaye huenda sehemu ya kosa ilikuwa yake, hao watafute kila mmoja wa kwake.

Kwa hiyo, mpendwa, kama wewe na ndugu yako mmeumia pamoja na mmeletewa karatasi moja, mwulizeni wakili mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi. Je, kuna jambo lolote ambalo likinisaidia mimi litamwumiza mwenzangu? Nikikuambia siri, utamwambia? Fedha zikija kwa pamoja, nani atazigawa? Wakili mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, na baadhi yao watakushukuru. Kisha nenda kwa ndugu yako, keti naye, na umwambie ulichokiona kabla hajakisikia kwa mtu mwingine.